Nyumba ndogo ya Magomeni na watoto wa Chilinde

Mabasi ya mwendokasi hupita Magomeni mchana kutwa yamejaa watu wanaokwenda Kimara na wanaorudi Kivukoni. Wengi wao hawajui, au walijua wakasahau, kwamba ndani ya mitaa ile, Mtaa wa Ifunda, Magomeni Mikumi, ipo nyumba ya kawaida aliyoishi Julius Nyerere na familia yake miaka ya mwisho ya 1950, kabla Tanganyika haijapata uhuru. Serikali iliihifadhi ikawa makumbusho. Ni nyumba ya chini, ya vyumba vichache, na mgeni asiyeelekezwa anaweza kuipita akidhani ni ya jirani yeyote. Kwangu mimi hakuna darasa la historia linalomfaa mtoto kuliko nyumba hiyo. Nasema hivyo nikiwa ninaishi mbali nayo, Chilinde, katika jiji la Lilongwe, ambako wanangu wamezaliwa na ambako Kiswahili ni lugha ya ndani ya nyumba tu.

Chilinde ina Waswahili wake. Wapo Watanzania wa vitenge, simu na vipuri, ambao maisha yao yote ni kupanda na kushuka baina ya Kariakoo na Lilongwe. Wapo Wakongo wa Uvira, Fizi na Bukavu, na wapo Warundi. Watoto wetu wanacheza mpira kwa Chichewa, wanajibu mitihani kwa Kiingereza, na wakirudi nyumbani wanaulizwa kwa Kiswahili kama wamekula. Shuleni wanafundishwa habari za John Chilembwe, ambaye Malawi humkumbuka kila Januari 15, na za Dakta Hastings Kamuzu Banda, mwenye siku yake Mei 14. Hiyo ni haki na ni vema. Lakini historia ya upande waliotoka wazazi wao haina mwalimu. Nyerere kwao ni picha iliyokuwa ukutani kwa babu, basi.

Ndiyo maana likizo moja ya shule, safari ya kufuata mzigo ilipoangukia wakati mmoja na mapumziko ya watoto, niliwachukua wote wawili: binti yangu ambaye yuko darasa la sita, na mdogo wake anayeanza tu kusoma bila kufuatisha kwa kidole. Safari ya basi kutoka Lilongwe mpaka Dar es Salaam wasafiri wanaijua. Ni Mzuzu, Karonga, foleni ya mpakani Songwe, baridi ya Tukuyu, Mbeya, halafu ule mteremko wa Kitonga unaowafanya abiria wote wanyamaze. Mikumi waliona tembo kupitia dirishani, na kwa mdogo safari ilikuwa imekwisha lipa. Kwangu ilikuwa bado.

Magomeni tulifika asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kwa mwenye watoto hilo ni jambo la kwanza. Dar es Salaam ya saa saba mchana haifundishi mtoto kitu zaidi ya kiu. Tulishuka Magomeni Mapipa tukaingia mitaani kwa kuuliza, na kila tuliyemuuliza alitujibu kwa kuanza na habari zake mwenyewe, mama yake alikuwa akiishi wapi, nyumba zipi zimevunjwa. Nilifurahi watoto wasikie hayo, maana Magomeni yenyewe ni sehemu ya hadithi. Serikali ya kikoloni iliugawa mji: wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo, Ilala, Temeke na huku Magomeni, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa ajili yao. Nyumba ya Ifunda ilikuwa nyumba ya Mwafrika wa mjini wa wakati ule. Mtoto akishaelewa hivyo mlangoni, nusu ya kazi imefanyika.

Aliyetupokea ni kijana mtembezaji wageni, mpole, asiye na haraka. Binti yangu alipiga goti kidogo kama wafanyavyo mabinti wa Malawi wanaposalimia wakubwa, akasema shikamoo. Yule kijana akacheka kwa furaha, akaniambia, "Huyu hakukulia Dar, dada. Dar hawapigi magoti tena." Kisha akafanya jambo ambalo natamani kila mtembezaji wageni angelifanya. Hakuanza na tarehe. Aliwauliza watoto: "Kwenu mnalala wangapi chumba kimoja?"

Wakamjibu. Akawapeleka chumbani.

Nimewaona watoto wangu katika majumba makubwa ya makumbusho. Wanakimbia. Wanaangalia kioo, wanajiangalia kwenye kioo, wanauliza choo kiko wapi. Humu hawakukimbia, na sababu naijua: nyumba ilikuwa ya kimo chao. Kitanda ni kitanda, dirisha ni dirisha, meza ni meza ya kulia watu wachache. Mdogo alisimama akakitazama kitanda, akauliza, "Rais alilala hapa?"

"Alikuwa hajawa rais," kijana akamwambia. "Alikuwa mwalimu aliyeacha kazi."

Hapo ndipo hadithi ilipoingia. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Mwezi Machi 1955 mwalimu wa Pugu aliambiwa achague, chaki au siasa, akachagua siasa na mshahara ukakatika siku hiyo. Alirudi kwao Musoma na familia. Miezi kadhaa akawa anawafundisha mapadri wa Maryknoll lugha ya Kizanaki ili apate riziki, kisha Oktoba mwaka huo akarudi Dar es Salaam kuendelea na chama. Watoto wake wa kwanza walikuwa wadogo. Mama Maria aliendesha duka dogo hapa Magomeni, akiuza mafuta ya taa. Mara nyingi huwa tunayasimulia hayo kwa mkupuo tukikimbilia Desemba 9, 1961. Ndani ya nyumba ile huwezi kukimbia. Binti yangu, ambaye ameuza nami dukani tangu anajua kuhesabu chenji, alisimama kwenye habari ya mafuta ya taa. Alitaka kujua kama Mama Maria alikuwa akikopesha. Alitaka kujua nani alikaa na watoto alipokuwa dukani. Alitaka kujua kama wageni wa baba walikuwa wanalipa.

Hayo ni maswali ya mwanahistoria. Chama kilichoondoa utawala wa Kiingereza kiliendeshwa na watu waliokuwa wakila nyumbani kwa mtu, na chakula hicho kilipikwa na mtu, kwa fedha iliyotoka mahali. Vitabu vingi vinaanza na mkutano wa Mnazi Mmoja. Mtoto wa mfanyabiashara alianzia jikoni, na nadhani alianzia mahali sahihi.

Nikamwongezea la 1958. Mwaka huo Nyerere alishitakiwa kwa makala iliyochapishwa katika Sauti ya TANU, kwamba amewakashifu maofisa wa serikali, na wakili D. N. Pritt akaja kutoka Uingereza kumtetea. Mahakama ikampa kuchagua: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Nikamwambia afikirie shilingi 3,000 za wakati ule zinakuwa galoni ngapi za mafuta ya taa. Alikaa kimya akipiga hesabu asizoweza kuzimaliza, maana bei hatukuwa nayo, lakini uzito wa faini aliupata.

Kisha akafanya mchezo wake. Nyumbani Chilinde ana tabia ya kupima vitu kwa nyayo, kisigino mbele ya kidole gumba, akitembea kando ya ukuta. Alimwomba kijana ruhusa, akavua kandambili, akapima urefu wa chumba, kisha upana. Akaandika kwenye daftari. Mdogo wake akapima naye kwa nyayo zake ndogo, wakapata hesabu mbili tofauti, wakagombana kidogo kwa Chichewa. Kijana aliwaacha. Alipomaliza, binti akaniambia kwamba chumba kile kinakaribiana na cha kwetu. Hakusema zaidi. Aliendelea kupima.

Mzazi anayetaka kwenda na watoto asinifuate mimi kwa kila kitu, lakini machache nimeyaona yanafaa. Msiende mahali pawili kwa siku moja. Nyumba moja inatosha, tena chumba kimoja kinatosha ikiwa mtoto amekipenda. Maandishi ya ukutani asome mtu mzima kimoyomoyo, halafu asimulie, kwa sababu mtoto anayesomewa kibao huhamisha macho yake kwenye kibao na kukiacha kitu chenyewe. Muulizeni mtembezaji wageni maji yalitoka wapi, taka zilikwenda wapi, usiku taa ilikuwa ipi. Mpeni mtoto penseli, na msiwaharakishe wale wanaokaa mahali pamoja. Na mkitoka, kaeni nje kwanza, mle kitu, kabla ya kurukia daladala. Sisi tulikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi kwenye kibaraza cha mama mmoja jirani, na ni pale kwenye mihogo, si ndani ya makumbusho, mdogo aliponiuliza swali lililobadilisha safari yote.

"Mama, huyu Nyerere anatuhusu nini sisi wa Malawi?"

Swali hilo ni la haki kwa mtoto aliyezaliwa Lilongwe. Nikamwambia habari za Kanyama Chiume.

Chiume alizaliwa 1929 Usisya, kando ya ziwa, upande wa Nkhata Bay. Mama yake alipofariki alichukuliwa na ndugu akakulia Tanganyika, akasoma huko mpaka Tabora, kisha Makerere. Kiswahili kilikuwa chake kama kilivyo chetu. Alirudi Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati huo, akawa mmoja wa vijana walioisukuma Nyasaland African Congress na waliomwita Dakta Banda arudi nyumbani, naye Banda akarudi Julai 6, 1958. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Mwanza, vyama vya ukombozi vya Tanganyika, Kenya, Uganda, Zanzibar na Nyasaland viliunda PAFMECA ili vishirikiane. Machi 3, 1959 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Nyasaland, ikawakamata Banda na mamia ya wenzake. Chiume aliponea kwa kuwa alikuwa nje ya nchi. Siku nyumba ya Ifunda ilipokuwa na watu wanaoishi ndani yake, harakati za Tanganyika na za Nyasaland zilikuwa zinapeana taarifa, wageni na moyo.

Halafu mambo yakageuka. Malawi ilipata uhuru Julai 6, 1964, na kabla mwaka haujaisha mawaziri vijana walikorofishana na Banda. Chiume, mmoja wao, alikimbilia Tanzania. Waliokimbia pamoja naye walikuwa wengi, wakiwemo Orton Chirwa na mkewe Vera, ambao baadaye, mkesha wa Krismasi wa 1981, walitekwa mpakani mwa Zambia wakapelekwa Malawi. Orton alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Chiume aliishi Dar es Salaam kwa miaka mingi, akafanya uandishi wa habari, akaandika na kuchapisha vitabu vya Kiswahili, na alirudi kwao utawala wa Banda ulipokwisha 1994. Alifariki 2007.

Nilimweleza mwanangu kwa maneno mepesi: zamani watu wa Malawi walikimbilia kwa Waswahili, wakapewa mahali pa kukaa. Sasa Waswahili wamekimbilia Malawi, wakapewa mahali pa kukaa. Alielewa mara moja, kwa sababu anawajua waliokimbia. Rafiki yake mkubwa ni mmoja wao.

Nitafika huko. Kwanza niseme kidogo kuhusu Lilongwe yetu, kwa kuwa nisingependa mtu asome makala hii akadhani dawa ni kupanda basi siku mbili. Lilongwe ni mji mkuu tangu 1975, Banda alipouhamisha kutoka Zomba, na mengi yaliyomo ni mapya. Jengo la historia wanalopelekwa watoto wa shule ni kaburi la Kamuzu, lililozinduliwa 2006. Ni jengo zuri, linatunzwa vizuri, na nguzo zake nne zimebeba maneno manne ya chama chake: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Watoto wangu walipelekwa na shule. Walirudi wakiyajua maneno manne. Nilipowauliza Kamuzu alikuwa anakula nini, alilala wapi alipokuwa mtoto kule Kasungu, ilikuwaje kijana wa kijijini akatembea kwa miguu kwenda kutafuta elimu kusini mpaka akawa daktari London, hawakuwa na la kusema. Jiwe lililong'arishwa linamfanya mtoto atulie na kuinua macho. Halimpi nafasi ya kuuliza nani alichota maji.

Malawi inayo majumba ya zamani. Mandala House ya Blantyre ilijengwa 1882 na ndilo jengo kongwe kuliko yote nchini. Stone House ya Livingstonia, nyumba ya mmisionari Robert Laws, ni makumbusho na inapendeza. Lakini zote mbili ni nyumba za wageni waliokuja, Waskoti wa biashara na wa dini. Nyumba ya Mmalawi wa 1958, yenye mkeka, taa ya chemli na gazeti la chama lililofichwa, mtoto wa Lilongwe hana pa kuiona. Majirani wameweza. Lusaka, mtaa wa Chilenje, nyumba namba 394 imehifadhiwa kwa kuwa Kenneth Kaunda aliishi humo kuanzia 1960 hadi 1962, akiongoza chama cha UNIP kutoka katika vyumba vya nyumba ya serikali za mitaa waliyopangishwa Waafrika. Baba yake Kaunda alitoka Nyasaland, akatumwa na misheni ya Livingstonia kwenda kuhubiri Chinsali. Maralal, kaskazini mwa Kenya, ipo nyumba aliyozuiliwa Jomo Kenyatta mwaka 1961 miezi ya mwisho kabla ya kuachiwa. Soweto, Mtaa wa Vilakazi, namba 8115 aliyoishi Mandela inapokea wageni wa dunia nzima. Ukiziangalia zote, kilichozihifadhi si uzuri. Ni mtu mmoja aliyesema, hii msiivunje, katika wakati ambapo kuivunja kulikuwa rahisi na kiwanja kina bei. Kariakoo watu hawakusema hivyo mapema, na nyumba nyingi zilizolea TANU zimeshapandiwa ghorofa.

Sasa Dzaleka.

Rafiki wa mwanangu aliishi Chilinde, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, na familia ile ikaenda kama nyingine. Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu wachache waliokimbia Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo, na leo ina zaidi ya watu 50,000, mara kadhaa ya idadi iliyokusudiwa. Tuliporudi kutoka Dar es Salaam watoto walikuwa na picha na daftari la vipimo, wakataka kumwonyesha mwenzao. Tukaenda.

Wasomaji wa Dar es Salaam wanaweza kuwa hawajui Dzaleka ilikuwa nini kabla haijawa kambi. Lilikuwa gereza. Ndipo Banda alipowatupa wapinzani wake wa kisiasa, na jina lake lilitishia watu wazima nchi nzima kwa miongo. Bakili Muluzi alipoapishwa kuwa rais Mei 1994 alitangaza kuyafunga magereza ya aina hiyo. Kwa hiyo pale walipofungiwa watu wa Malawi kwa makosa ya mawazo, mwaka huohuo wakapokelewa watu wa Maziwa Makuu waliokimbia kuuawa. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu na bado sijalizoea. Watoto waliozaliwa Dzaleka, na sasa wako wenye watoto wao, wanacheza juu ya ardhi ile bila kuambiwa.

Familia ya rafiki yetu wamejenga kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, vyumba viwili, paa la bati kuukuu sehemu moja na turubai sehemu nyingine. Tulikuta wanapika sombe, yaani kisamvu. Bibi wa nyumba alitupokea kwa Kiswahili cha Uvira, "Mukaribie, mukae," akawapa watoto kiti kimoja cha mbao wakagawana. Binti yangu akaomba kupima. Nilitaka kumzuia, nikihofia itaonekana dharau kupima chumba cha mtu aliyejibana. Bibi akasema mwache. Akapima kisigino kwa kidole, mwenzake akihesabu, wakaandika chini ya Magomeni na Chilinde.

Bibi aliuliza hivyo vipimo ni vya nini. Watoto wakamweleza nyumba ya Nyerere, kila mmoja akidakia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kijiti akachora nyumba yake kwenye vumbi la mlangoni. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kiliba, kaskazini mwa Uvira, na waliishi katika nyumba za wafanyakazi za kiwanda, zilizojengwa enzi za Wabelgiji. Kiwanda kilisimama vita vilipoingia 1996. Alichora mlango wa mbele, baraza, chumba cha wazazi, chumba cha watoto, kisha jiko akalitenga nyuma kwa hatua kadhaa, akaeleza ni kwa sababu ya moshi. Alichora bomba la maji la nje ambalo nyumba nne ziligawana. Alichora mwembe. Mchoro ulipokuwa mkubwa kuliko nafasi alimsogeza kuku kwa kijiti akaendelea. Mwanangu akauliza alikuwa akilala wapi, bibi akaweka kidole kwenye vumbi. Mjukuu wake mwenyewe, mtoto aliyezaliwa Malawi, akauliza swali lilelile kuhusu baba yake alipokuwa mdogo, na nikaona kwamba alikuwa hajawahi kuuliza.

Binti yangu aliuhamisha mchoro wote kwenye daftari, mwembe ukiwemo. Bibi alimsahihisha mara mbili: dirisha lile halikuwa upande wa barabara, lilikuwa upande wa mto.

Ile nyumba ya Kiliba sijui kama imesimama. Lakini nimeshawishika kwamba kazi ya nyumba ya makumbusho inaweza kufanyika Dzaleka na Chilinde kwa gharama ya madaftari. Dzaleka haikosi watu wa kuifanya. Kuna tamasha la Tumaini lililoanzishwa 2014 na mshairi mkimbizi kutoka Kongo, Menes La Plume, linalowaleta watu wa Lilongwe na wa nje kambini kila mwaka, na wageni wengine hulala katika nyumba za wakimbizi wenyewe. Kuna redio ya jamii, Yetu, inayosikika kwa Kiswahili. Kama nyumba zinafunguliwa kwa wageni wa tamasha, zifunguliwe pia kwa watoto wa kambi: kila mzee achore nyumba aliyotoka, watoto wanukuu, wapime, waulize maji yalitoka wapi. Redio isimulie michoro hiyo hewani. Na wakuu wa Malawi wenye dhamana ya kumbukumbu za taifa, nawaomba kwa heshima zote, watafute wazee wa Dowa na wafungwa wa zamani ambao bado wapo, wawaonyeshe gereza lilikuwa limepangwaje, kisha waweke chumba kimoja, kimoja tu, chenye maelezo kwa Chichewa na Kiswahili. Wafungwa wa 1965 ni watu wa miaka 80 na zaidi sasa. Jambo hili halina muda mrefu.

Nimesikia hoja kwamba mkimbizi ana njaa na wewe unamletea makumbusho. Sina jibu la kumshibisha mtu. Ninachojua ni kwamba yule bibi hakuomba kitu siku ile, na alipoanza kuchora hakutaka kuacha, hata sombe ikaungua kidogo na binti yake akalalamika kutoka jikoni.

Wanangu wameandika orodha. Wanataka vipimo vya Chilenje, kwa sababu jina linafanana na mtaa wao na wameapa kwamba nyumba namba 394 itakuwa ndogo kuliko ya Magomeni. Kutoka Lilongwe ni kupita mpaka wa Mchinji, Chipata, kisha Lusaka, na mzigo wa vitenge vya Lusaka unauzika Chilinde, kwa hiyo nauli itajirudisha. Tutakwenda likizo ya Desemba. Mwenzao wa Dzaleka hawezi kuvuka mpaka, basi wameshamwahidi kumletea vipimo, naye amekabidhiwa kazi yake: akamilishe mchoro wa Kiliba, apate kwa bibi majina ya watu wa zile nyumba nyingine tatu zilizogawana bomba.